Baba watoto kaacha soda ya zero karudi kwenye ya sukari, mama mkwe anasema bora sukari kuliko kansa

Shikamoo Shangazi,

Naandika hii saa tano usiku watu wote wameshalala, samahani kama itakuwa ndefu, mi nikianza kueleza kitu siwezi kufupisha.

Mume wangu ana miaka 44, kilo 80, mwaka juzi aligundulika ana kisukari ile aina ya pili. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa soda kwelikweli, yaani soda iko mezani, iko kwenye gari, iko pembeni ya kitanda, usiku wa manane unasikia psss ujue kashtuka usingizini anakata kiu. Daktari akamwambia soda sasa basi. Yeye akaja na ufumbuzi wake, akahamia kwenye zero. Makopo matano kwa siku, yale ya mililita 330, siku ya joto yanafika sita. Na sukari ikakaa vizuri tu, asubuhi akipima anapata 6, 7, nyumba ikawa na amani.

Shida imeanzia kwenye grupu la familia. Mama mkwe katuma klipu, kuna jamaa kavaa koti jeupe anamimina soda ya zero kwenye sufuria anaichemsha, huku anaeleza kwamba humo ndani kuna kitu kinaitwa aspateimu kikiingia tumboni kinageuka kuwa ile dawa wanayohifadhia maiti, na kwamba WHO wenyewe walishatangaza ni kansa ila makampuni yanaficha. Chini ya klipu kuna voisi noti ya dakika nne mama mkwe analia, anasema mnaniulia mwanangu taratibu, sukari aliiumba Mungu, hiyo nyingine kaiumba nani? Mawifi wote wakajibu kwa emoji za kulia, na mimi ndo ninayenunua vitu vya nyumbani kwa hiyo unajua lawama zinaelekea wapi.

Nilimwaga makopo yote kwenye sinki siku ileile. Sasa kumbe mwenzangu hakuacha soda, karudi kwenye ya sukari, anasema ni mbili tu kwa siku. Juzi asubuhi kapima 13, jana 15. Nikimwambia ananijibu "kisukari nina dawa yake, kansa sina dawa yake." Hapo nakosa la kusema maana na mimi naiogopa hiyo kansa.

Halafu kuna binti yetu wa miaka 9, ana kilo 25. Huyu alikuwa anakunywa makopo mawili ya baba yake kila siku na mi nilikuwa naruhusu, nilijiambia si haina sukari, ina shida gani. Sasa nakumbuka analalamika jino likiguswa na maji baridi linachoma, na usiku halali mpaka saa tano sita. Nimekaa najiuliza nimemlisha nini mwanangu miaka yote miwili.

Na kuna jambo la mwisho sijamwambia mtu hata mama yangu. Kama miezi minane iliyopita, kabla ya hii klipu, mume wangu alikunywa dawa zake za jioni akalala bila kula. Saa nane usiku nashtuka shuka limelowa jasho, mikono inamtetemeka, anaongea vitu havieleweki, ananiita jina la dada yake. Nikakumbuka tuliambiwa sukari ikishuka mpe soda haraka. Nikakimbia kwenye friji nikamletea kopo, nikamnywesha lote, nikakaa nasubiri. Hamna kitu. Anazidi kulegea. Wifi yangu alikuwa kalala kwetu siku hiyo, akaingia akaona kopo akapiga kelele "hiyo si zero hiyo!" akakoroga sukari kwenye maji akamnywesha, baada ya muda akarudi. Yeye hakumbuki chochote mpaka leo. Mimi nakumbuka kila kitu.

Naomba unisaidie Shangazi. Hii zero inaleta kansa au haileti? Mtoto nimemharibu? Na mama mkwe nimjibu nini bila kuonekana nabishana na mkubwa?

Mama Wawili

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nilikuwa nesi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu, na nikikaa na barua yako hivi kitu kinachonitisha humo ndani si aspateimu, ile sukari bandia ya kwenye zero, ni ile 15 ya asubuhi. Hiyo ndo ya kushughulikia kesho, si mwezi ujao. Kopo moja la soda ya sukari la mililita 330 lina kama gramu 35 za sukari, ukipima kwa kijiko kidogo cha chai ni vijiko karibu tisa. Sasa "mbili tu" za baba watoto ni gramu 70, vijiko kama 17, na hapo hajala chakula bado. WHO hao hao wa kwenye klipu wanashauri mtu mzima tena mwenye afya yake asivuke kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na wanasema ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Mume wako anamaliza ya siku nzima kwa makopo mawili na kongosho lake tayari linachechemea. Na hiyo "dawa yake ninayo" anayojibu, dawa za kisukari hazifanyi kazi hivyo, si kwamba unamwaga maji ndani ya boti halafu unajisifu una ndoo. Sukari ikikaa juu miaka inakula macho, figo na mishipa ya miguu kimyakimya, nimewafunga watu bandeji za vidole vilivyokatwa na wengi walikuwa wanasema maneno hayohayo.

Kwa hiyo kama leo chaguo lake ni kati ya zero na sukari, hakuna la tatu, arudi kwenye zero. Nimesema. Chaguo la tatu lipo na nitalifikia, ila kwanza tumalizane na yule jamaa wa sufuria.

Soda ya zero ukiichemsha mpaka ikauke haibakizi kitu cha maana chini, rangi kidogo na masalia. Ya sukari ndo inabaki uji mweusi mzito kama lami, jaribu mwenyewe ukiwa na sufuria usiyoipenda. Aspateimu yenyewe ikikaa kwenye moto inavunjika na utamu unapotea, ndo maana haifai kuokea keki. Kwa hiyo kuchemsha kule hakuonyeshi chochote kinachotokea tumboni, ni maigizo tu, ila koti jeupe nalo lina nguvu zake jamani.

Habari ya dawa ya maiti ina kamfupa ka ukweli ndani yake, ndo maana inasambaa. Aspateimu ikifika tumboni inameng'enywa kuwa vitu vitatu, viwili ni amino asidi zilezile tunazozipata kwenye maziwa, nyama na maharage, cha tatu ni methanoli kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwili unaigeuza methanoli kuwa formaldihaidi, hiyo ndo wanayoisema ya maiti, na muda uleule unaigeuza tena kuwa kitu kingine na kukitoa. Sasa ambacho jamaa hasemi ni kwamba methanoli iko pia kwenye matunda na juisi zake, glasi ya juisi ya nyanya inaweza kukupa nyingi kuliko kopo la zero, na hiyo formaldihaidi mwili wako unaitengeneza wenyewe kila siku hata ukinywa maji matupu. Kiasi ndo kinachoamua.

Na WHO je? Hapa mama mkwe hajatunga, kuna kitu kweli kilitangazwa. Tarehe 14 Julai 2023 taasisi yao ya utafiti wa saratani, inajulikana kama IARC, iliiweka aspateimu kwenye kundi linaloitwa 2B, maana yake "huenda inasababisha saratani". Neno ni huenda. Haya makundi yanachanganya watu wengi sana kwa sababu hayapimi kitu kina hatari kubwa kiasi gani, yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani. Kundi la 1 ndo ushahidi umekamilika, humo wamo sigara, pombe, jua na nyama za kusindikwa kama soseji. Kundi la 2A wamo nyama nyekundu na kazi za shifti ya usiku, yaani mimi mwenyewe miaka yangu ya wodini ilikuwa juu ya soda ya mumeo kwenye hiyo orodha. Halafu ndo 2B, na humo pamoja na aspateimu yamo mawimbi ya simu za mkononi, yamewekwa tangu 2011. Kwa hiyo klipu ya kutuonya kuhusu kitu cha kundi la 2B imetufikia kwa kifaa cha kundi la 2B. Usimwambie mama mkwe hilo lakini, litamkera bure.

Siku hiyohiyo kamati nyingine, ile ya WHO na Shirika la Chakula na Kilimo inayopanga mtu ale kiasi gani cha viongezwa vya chakula, ilipitia ushahidi ikasema haioni sababu ya kubadilisha kiwango cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maisha yote. Tupige hesabu ya nyumbani kwako sasa. Baba watoto kilo 80, mara 40 ni miligramu 3,200. Kopo moja la zero lina kama miligramu 200 mpaka 300. Ili afike mpaka inabidi anywe makopo kati ya kumi na kumi na sita kila siku, na huo mpaka wenyewe umewekwa chini sana ya kiwango kilicholeta shida kwa wanyama wa maabara. Matano yake ni mengi kwa sababu nyingine nitakazosema, ila kwa hili la aspateimu yuko ndani.

Sitaki nikupambe kana kwamba kila kitu ni shwari. Mwaka 2022 Ufaransa walitoa utafiti wa watu zaidi ya laki moja waliofuatiliwa miaka kadhaa, waliokuwa wanatumia sukari bandia kwa wingi walipata saratani zaidi kidogo, kama asilimia 13 juu ya wasiotumia. Hiyo ipo na wataalamu wanaichukulia kwa uzito. Lakini muangalie mumeo. Yeye alianza zero lini? Baada ya kuugua. Mtafiti akija leo akamuandika kwenye daftari ataona mtu anakunywa zero na ana kisukari, na asipokuwa makini ataandika zero imeleta kisukari, wakati kisukari ndo kilileta zero. Wanaokunywa hizi soda wengi wameshaongezeka uzito, wameshaambiwa na daktari, wanahangaika. Watafiti wanajitahidi kuyachuja hayo kwa hesabu ila hayachujiki yote, ndo maana jibu linabaki "huenda" na si "ndiyo".

Na hii hofu si mpya. Sukari bandia ya kwanza, sakarini, iligunduliwa 1879 na mkemia anaitwa Constantin Fahlberg, alitoka maabara hakunawa mikono, akala mkate akashangaa mtamu hivi una nini. Nyingine, sayklameti, mwaka 1937 mtu aliweka sigara yake kwenye meza ya maabara akairudisha mdomoni ikawa tamu. Aspateimu yenyewe 1965 James Schlatter alilamba kidole ili afunue karatasi. Ukiangalia vizuri historia nzima ya hivi vitu ni historia ya watu wasionawa mikono, na mimi kama nesi linaniuma. Sasa hiyo sakarini, miaka ya 70 panya wakapata saratani ya kibofu, Marekani 1977 wakataka kuipiga marufuku, wananchi wakaja juu, ikaishia kuwekewa onyo kwenye pakiti. Baadaye ikajulikana panya dume mkojo wake ukikutana na sakarini nyingi unatengeneza vijiwe vinavyokwangua kibofu, kwa binadamu hilo halitokei, onyo likaondolewa mwaka 2000. Sisemi kila kitu kitaishia hivyo. Nasema tu kwamba kati ya panya, kichwa cha habari na kikombe chako kuna safari ndefu.

Sasa tuje kwa binti, maana hapo ndo nitakugombeza kidogo, kidogo tu.

Aspateimu kwanza. Kilo 25 mara 40 ni miligramu 1,000, kwa hiyo makopo matatu mpaka matano. Alikuwa anakunywa mawili. Hajavuka, hujamharibu, futa machozi. Lakini umeona jinsi mpaka ulivyo karibu kwa mtoto kuliko kwa baba? Kopo ni lilelile, mwili ni mdogo.

Ila usingizi. Mwanangu, zero imetoa sukari haijatoa kafeini. Kama ni soda nyeusi ya kola, kopo moja lina kafeini kati ya miligramu 30 na 45 hivi, inategemea aina. Wataalamu wa chakula wa Ulaya wanakadiria mtoto asizidi miligramu 3 kwa kilo kwa siku, kwa binti yako ni 75. Makopo mawili anaukaribia mpaka au anauvuka, na kama la pili alikuwa analinywa jioni basi huhitaji kumtafutia mchawi wa usingizi.

Na jino. Hapa watu wengi wanajikwaa, wanadhani kinachoharibu meno ni sukari peke yake. Soda ina asidi, ile ya fosforiki au ya sitriki, kola inakuwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ndo kali, ya kama 2.5 mpaka 3, na gamba la jino linaanza kuyeyuka ikishuka chini ya 5.5 au karibu na hapo. Zero na ya sukari hapo hazitofautiani sana. Mtoto wa miaka 9 meno yake ya mbele ndo kwanza yameota yale ya kudumu, hana mengine yanayokuja nyuma. Mpeleke akaonwe na daktari wa meno, na akinywa kitu chenye asidi asipige mswaki papo hapo, asukutue na maji kwanza, mswaki baada ya nusu saa au saa nzima, maana jino likiwa limelainika mswaki unalikwangua. Baba mtu naye tabia yake ya kuonja onja kutwa nzima, psss moja funda mbili, psss nyingine funda tatu, ndo mbaya kuliko hata angekunywa lote pamoja na chakula akamaliza, kwa sababu meno hayapati muda wa kupumzika.

Mtoto hahitaji hii kitu, aache. Hana kisukari, hana sababu. Kelele za aspateimu zilipoanza Julai watu walisahau kwamba Mei 2023 WHO walikuwa wameshatoa mwongozo mwingine uliopita bila kelele, kwamba sukari bandia zisitumike kama njia ya kupunguza uzito kwa sababu kwa muda mrefu hazionekani kusaidia hivyo. Waliosema hauwahusu ni wale ambao tayari wana kisukari. Yaani ndani ya nyumba yako mwongozo unamhusu binti, haumhusu baba, na nyie mlifanya kinyume, baba mkamtoa kwenye zero, binti mlikuwa mmemuacha humo miaka miwili. Hapo nimeshamaliza kugombeza.

Chaguo la tatu nililokuahidi ni kushuka ngazi polepole. Asiache makopo matano kwa siku moja, kichwa kitampasuka na atasema mwili wake unaidai soda, kumbe ni kafeini anaidai. Apunguze kopo moja kila baada ya siku tatu nne. La kwanza kuondoka liwe lile la pembeni ya kitanda, weka maji hapo. La gari lifuate. Kama anachokipenda ni ule mlio na mapovu basi maji ya gesi yanatoa psss ileile, na mtu akikaa wiki kadhaa bila utamu mkali ulimi unabadilika, soda ya zamani akiionja anaona ni sharubati ya kikohozi. Akibaki na kopo moja la zero kwa siku, la mchana, na chakula, mimi sina ugomvi naye, na ningeshangaa daktari wake akiwa nao.

Kama mnataka kujua mnachokunywa, someni ubavuni mwa kopo. E951 ni aspateimu, E950 ni asesulfemu-K, E955 sukralosi, E954 sakarini, mara nyingi wanachanganya mbili kwa sababu moja peke yake ladha haiendani na sukari. Mkiona wameandika ina chanzo cha fenilalanini, onyo hilo ni kwa wenye ugonjwa mmoja wa kurithi, nadra, mwili unashindwa kuimeng'enya hiyo amino asidi na unagundulika utotoni. Nyie haliwahusu.

Mama mkwe. Usimjibu, si kwamba hufai, ila wewe ukiandika hata aya moja kwenye lile grupu itakuwa mkwe kamjibu mama. Ajibu mwanawe. Voisi noti kwa voisi noti, aanze na shikamoo, aseme mama nashukuru kwa kunijali, klipu nimeiona, daktari kaniambia nipunguze zero na soda ya sukari nisiiguse kabisa, na leo nimepima nimepata ngapi. Mama yoyote anayemlilia mtoto wake anataka kusikia namba inashuka, hana haja na IARC. Na tumpe haki yake pia, kwenye "punguzeni hivyo vitu" yeye alikuwa sahihi, kakosea tu mahali pa kukimbilia.

Nimeliacha lile la usiku mwishoni kwa makusudi.

Hukumuua. Ulishtuka saa nane usiku, ukafanya ulichoambiwa, mpe soda, hakuna aliyekuambia soda gani. Makopo yanafanana, gizani tena na mikono inatetemeka. Hilo kosa nimeliona likifanywa na watu waliosomea. Aspateimu haipandishi sukari, ndo sifa yake mchana kutwa, na ndo inayoifanya isiwe na kazi yoyote usiku ule. Akishuka chini ya 4 kwenye mashine, au ukiona jasho na kutetemeka hata hujapima, anahitaji gramu 15 mpaka 20 za sukari ya kweli ya haraka, nusu kopo au zaidi kidogo la soda ya kawaida, au vijiko vinne vya sukari kwenye maji kama alivyofanya wifi. Subiri dakika 15, pima, kama bado rudia, akishapanda ale kitu. Akiwa hajitambui usimwekee chochote mdomoni, atapaliwa, mlaze ubavu mkimbize hospitali. Na hiyo habari ya miezi minane iliyopita daktari wake lazima aijue, wewe na yeye mwende pamoja wiki hii, na hizo 13 na 15 mkiwa mmeziandika. Metformini peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo, lakini kuna vidonge vingine, glibenklamaidi kwa mfano, ukivinywa ukalala bila kula vinaweza, inawezekana dozi inahitaji kuangaliwa. Asipunguze wala asiongeze mwenyewe.

Halafu mwambie na yeye kilichotokea. Ni mwili wake, na wewe umebeba hilo shuka lililolowa peke yako muda wote huo.

Kanunue chupa moja ndogo ya soda ya sukari. Moja. Ifunge raba nyekundu shingoni ili hata gizani mkono uijue, iweke rafu ya juu kabisa ya friji nyuma ya vingine, na binti aambiwe hiyo ni dawa ya baba. Angalieni tarehe yake mara moja moja.